Nimemwondolea mwanangu maziwa na ngano: madini ninayompa yanatosha, au yanazidi?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Nakusalimu na kukushukuru kwa kunisikiliza. Mimi ni mama ninayeishi Kihonda, Morogoro, na mwanangu wa kiume ana umri wa miaka minne na nusu. Mwaka jana madaktari walithibitisha kwamba ana usonji, na baadaye akaanza kupata kifafa, kwa hiyo kila usiku anakunywa dawa ya fenobabitoni kama alivyoandikiwa hospitalini. Bado hasemi maneno mengi, lakini anaelewa tunachomwambia na anapenda kuwa karibu na watu wa nyumbani.

Niliambiwa na wazazi wenzangu wenye watoto wa aina hii kwamba maziwa na ngano huwavuruga watoto wenye usonji, na kwamba nikiviondoa mwanangu atatulia. Wakati huo alikuwa anakunywa chai ya maziwa asubuhi na jioni, anapata kikombe cha mtindi mchana, na anakula chapati na mkate. Nikavikata vyote kwa mara moja. Ni kweli kwamba sasa analala vizuri zaidi na hasira zake zimepungua, ingawa mume wangu anasema huenda ni ile dawa ya kifafa, kwa sababu mambo hayo mawili yalianza karibu wakati mmoja. Maziwa hayakuwahi kumtoa vipele wala kumvimbisha, na hakuwahi kutapika kwa sababu yake.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba vyakula anavyovikubali sasa ni vichache mno: wali mweupe, viazi vya kukaanga, ndizi mbivu, yai la kuchemsha, na kuku ambaye hajaguswa na mchuzi. Mboga za majani hazitazami, maharage anayatema, na akisikia harufu ya dagaa anaondoka mkekani. Kinywaji chake kikubwa ni chai ya rangi yenye sukari. Kliniki walimpima wakakuta ana kilo 14, na muuguzi akanionyesha kwamba mstari wa uzito kwenye kadi yake umelala.

Kwa hofu ya mifupa yake nimeanza kumpa vitu vifuatavyo. Ipo dawa ya maji ya kalsiamu, ambayo kwenye chupa imeandikwa kalsiamu kaboneti miligramu 625 katika kila mililita 5 pamoja na vitamini D IU 125 (IU ni kizio cha kupimia vitamini). Nampa kijiko kimoja cha nyumbani mara tatu kwa siku. Ipo multivitamini ya kutafuna. Yapo mafuta ya ini la samaki, kijiko cha chai kila asubuhi, ambayo niliuziwa na mtu anayeagiza mzigo kutoka nje. Nampa pia kidonge kimoja cha zinki cha miligramu 20, kile kinachotolewa mtoto anapoharisha, kwa kuwa niliambiwa kinaongeza hamu ya kula, na nimeendelea nacho kwa miezi kadhaa. Mama mkwe wangu naye hukausha maganda ya mayai, huyatwanga hadi yakawa unga, na humchanganyia kijiko kilichojaa katika wali, kwa kuwa ndivyo walivyofanya kwao.

Tangu wakati huo choo chake kimekuwa kigumu, anakaa siku tatu bila kwenda, na tumbo linajaa. Kijana wa duka la dawa alishauri tupime kalsiamu kwenye damu. Tukapima, majibu yakaja kwamba iko sawa, naye akaniambia niache kumpa chochote. Mama mkwe hakubaliani naye, na anaongeza kwamba nimpe maziwa ya mbuzi badala ya ya ng'ombe. Fedha ninayotumia kwa chupa hizi ni zaidi ya shilingi 90,000 kwa mwezi, na sisi si watu wa kipato kikubwa. Naomba unieleze kwa utaratibu: mwanangu anahitaji nini hasa, na nimpe kwa namna gani?

Mama wa Kihonda


JIBU

Dada yangu wa Kihonda,

Pole kwa mzigo huu, na hongera kwa kuandika mambo kwa uangalifu kiasi hiki, maana wazazi wengi huniuliza kuhusu virutubishi vya nyongeza bila kunitajia kilichoandikwa kwenye chupa, na bila maandishi hayo hakuna anayeweza kuwashauri kwa haki. Nitaanza na mambo mawili ambayo ningependa uyafanye leo, kisha nitaeleza sababu zangu.

Simamisha kidonge cha zinki na simamisha unga wa maganda ya mayai. Dawa ya kifafa usiiguse kwa namna yoyote, wala usiiruke hata usiku mmoja, kwa sababu kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege kali kuliko lile la kwanza.

Kidonge cha zinki cha miligramu 20 kimewaokoa watoto wengi wanaoharisha, lakini kimewekwa kwa ajili ya siku 10 hadi 14 tu. Mtoto wa umri wa mwanao anahitaji takriban miligramu 5 za zinki kwa siku, na kiwango cha juu ambacho hakipaswi kuvukwa kila siku ni miligramu 12. Zinki inapozidi kwa muda mrefu huuzuia utumbo kufyonza madini ya shaba, na mtoto aliyepungukiwa shaba hupata upungufu wa damu ambao haurekebishiki kwa kumpa madini chuma. Kwa hiyo utakapokwenda hospitali, mweleze daktari waziwazi kwamba mtoto ametumia kidonge hicho kwa miezi kadhaa, ili wingi wa damu upimwe na matokeo yasomwe kwa kuzingatia jambo hilo.

Sasa tuje kwenye kalsiamu, ambayo ndiyo kiini cha barua yako. Hofu yako ina msingi, na kijana wa duka la dawa amekuongoza vibaya, ingawa naamini hakukusudia ubaya. Kiasi cha kalsiamu kilichomo kwenye damu hulindwa na mwili kwa nguvu zote, kwa sababu moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila hicho. Chakula kinapopungua, mwili huchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa na kuirudisha kwenye damu. Ndiyo maana kipimo cha damu huweza kuonyesha kwamba kila kitu kiko sawa huku mifupa ikiendelea kupunguzwa. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu mtoto anakula kalsiamu kiasi gani. Njia ya kwanza ya kulijua hilo ni kuhesabu sahani yake, kazi ambayo nimeifanya kwa vyakula ulivyovitaja.

Kikombe cha wali mweupe hakifikishi miligramu 20 za kalsiamu. Viazi vya kukaanga ni vivyo hivyo. Ndizi mbivu ina miligramu chache tu. Yai lina kama 25. Na kuku ana kidogo sana. Chai ya rangi haina kitu cha kuhesabika. Kwa siku nzima mwanao anapata takriban miligramu 100 kutoka katika chakula, au juu kidogo. Kabla hujaondoa maziwa hali ilikuwa nyingine kabisa, kwani kikombe kimoja cha maziwa cha mililita 250 huwa na takriban miligramu 300, na mtindi haupishani nacho sana, kwa hiyo hata chai iliyotiwa maziwa nusu kwa nusu ilikuwa inamfikisha mbali. Ulichokiondoa kilikuwa karibu chanzo chake chote cha madini hayo.

Anahitaji kiasi gani? Hapa utakutana na tarakimu zinazopishana, na ningependa usibabaike. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo ni miligramu 600 kwa siku kwa mtoto wa miaka minne hadi sita. Wamarekani wanaweka 1,000 kwa mtoto wa miaka minne hadi minane, na Waingereza wanaridhika na 450 kwa wa miaka minne hadi sita. Mimi hutumia 600 kwa watoto wetu. Hata ukichagua tarakimu ndogo kuliko zote, miligramu 100 ziko mbali nayo. Watafiti waliofanya kazi huko Jos, Nigeria, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1999, waliwakuta watoto wenye matege ambao walikuwa wanakula takriban miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku, na watoto hao walipona vizuri zaidi walipopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Naitaja kazi hiyo kwa sababu bado wapo wanaosema kwamba mtoto wa Kiafrika anayeota jua hawezi kupata matege. Anaweza, ikiwa sahani yake haina kalsiamu.

Kwa hiyo mwanao anahitaji nyongeza, lakini siyo kwa njia unayoitumia sasa. Soma tena chupa yako. Kalsiamu kaboneti miligramu 625 si miligramu 625 za kalsiamu, kwa sababu sehemu ya uzito huo ni kaboneti. Kalsiamu yenyewe ni asilimia 40, yaani miligramu 250 katika kila mililita 5. Katika aina nyingine za chumvi za kalsiamu uwiano huo ni tofauti sana: sitreti ina takriban asilimia 21 na glukoneti ina takriban asilimia 9, kwa hiyo chupa mbili zenye tarakimu moja kubwa mbele zinaweza kumpa mtoto viwango visivyokaribiana hata kidogo. Kila unaponunua, tafuta neno linaloonyesha kalsiamu halisi, na lisipokuwepo mwombe mfamasia akukokotolee.

Vijiko vitatu kwa siku ni miligramu 750, kama kijiko chako kweli kinachukua mililita 5, jambo ambalo sina uhakika nalo kwa sababu vijiko vya jikoni vinatofautiana sana. Juu ya hizo ukaongezwa unga wa maganda. Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti, kwa hiyo gramu moja ya unga wake ina karibu miligramu 380 za kalsiamu. Tukikadiria kwamba kijiko kilichojaa cha mama mkwe ni gramu 5, tayari ni miligramu 1,900, na ukijumlisha na zile 750 mtoto wa kilo 14 anapita miligramu 2,500, ambacho ni kiwango cha juu cha siku kwa umri wake. Choo kigumu unachokieleza ni dalili inayotarajiwa kwa mtoto anayepewa kalsiamu kaboneti nyingi, asiyekula mboga wala maharage, na ambaye huenda hanywi maji ya kutosha.

Naomba uzungumze na mama mkwe wako kwa heshima anayostahili. Wazo lake si la kijinga. Ganda la yai lina kalsiamu kweli, na yeye aliona tatizo kabla ya watu wa dukani. Ubaya uko katika kipimo kisichojulikana, katika vipande vikali vinavyobaki baada ya kutwanga, na katika vimelea vya kuharisha vinavyokaa kwenye maganda yasiyochemshwa vya kutosha. Mwambie kwamba kazi hiyo sasa inafanywa na chupa yenye kipimo, na kwamba yeye unamhitaji kwa kazi nyingine ambayo nitaieleza mbele kidogo. Akipendekeza unga wa mifupa au udongo wa pemba badala yake, kataa kwa upole lakini usilegeze msimamo, kwa sababu vitu hivyo vimewahi kupimwa na kukutwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto.

Pendekezo langu, ambalo nakuomba ulithibitishe na daktari anayemtibu kifafa, ni mililita 5 za dawa yako ya maji ya kalsiamu mara mbili kwa siku, zipimwe kwa kikombe kidogo cha dawa au bomba la sindano lisilo na sindano, mara moja pamoja na chakula cha mchana na mara moja pamoja na chakula cha jioni. Hapo atapata miligramu 500, na ukijumlisha 100 za chakula umefika 600. Nasisitiza iwe pamoja na chakula kwa sababu kaboneti inahitaji tindikali ya tumbo ili iyeyuke, na nasisitiza igawanywe kwa sababu mwili hufyonza vizuri zaidi kiasi kidogo kidogo kuliko kiasi kikubwa kwa mkupuo. Choo kikiendelea kuwa kigumu hata baada ya kupunguza kiasi na kumzoesha maji, mwombe daktari ambadilishie kwenda kalsiamu sitreti, ambayo kwa watoto wengi haifungi choo kama kaboneti.

Vitamini D inahitaji aya yake, kwa sababu ya fenobabitoni. Dawa hiyo hulifanya ini liivunje vitamini D kwa haraka kuliko kawaida, na mtoto anayeitumia kwa muda mrefu yuko katika hatari ya kupungukiwa hata kama rika lake hawana tatizo hilo. Kalsiamu unayompa haiwezi kuingia vizuri mwilini bila vitamini hiyo. Kwa vipimo viwili vya dawa yako ya maji atapata IU 250 tu, wakati mtoto wa umri wake anapendekezewa kati ya 400 na 600 hata pale ambapo hatumii dawa yoyote. Mwulize daktari swali hili kwa maneno haya: "Kwa kuwa anatumia fenobabitoni na hanywi maziwa, aongezewe vitamini D kiasi gani?" Na mtoeni nje. Najua familia nyingi zenye mtoto wa usonji humweka ndani kwa kuogopa barabara, na kwa kuchoshwa na macho ya majirani. Hata hivyo ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe ili itengeneze vitamini hiyo, kwa hiyo mchezo wa kila siku uani, mikono na miguu ikiwa wazi, ni sehemu ya matibabu yake.

Pengine unajiuliza kwa nini basi nisikuache uendelee na mafuta ya ini la samaki, ambayo yana vitamini D. Sababu ni vitamini A. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo kinaweza kuwa na zaidi ya IU 4,000 za vitamini A iliyo tayari kutumika mwilini, na kiwango cha juu kwa umri wa mwanao ni 3,000. Multivitamini yako nayo huenda inayo. Zaidi ya hapo, watoto wetu walio chini ya miaka mitano hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, na mwanao bado yumo katika kundi hilo. Vitamini A hukaa kwenye ini, na ikirundikana kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa ileile unayotaka kuiimarisha. Acha mafuta hayo, hasa kwa kuwa yameuzwa mkononi na hujanieleza kama chupa ina jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Multivitamini moja unaweza kubaki nayo, mradi usimzidishie kipimo kilichoandikwa.

Hali hii ya kuzidisha kimoja na kupungukiwa na kingine si yako peke yako. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watoto 368 wenye usonji, wakaona kwamba wengi waliopewa virutubishi vya nyongeza walivuka kiwango cha vitamini A, asidi ya foliki na zinki, huku wakiwa bado wanapungukiwa kalsiamu na vitamini D. Multivitamini nyingi za watoto huwa na kalsiamu kidogo sana, kwa sababu madini hayo yanachukua nafasi kubwa na kidonge kingekuwa kikubwa mno kwa mtoto. Ukizijaza chupa kabatini bila kuhesabu, unanunua kile ambacho tayari kimo na unakikosa kile ulichokuwa unakitafuta.

Madini chuma hukuyataja, nami nisingependa uanze kuyatoa kwa kukisia. Apimwe kwanza wingi wa damu, na malaria ipimwe pamoja nayo, kisha daktari aamue. Kwa upande wa nyumbani unaweza kufanya jambo moja lisilo na gharama, nalo ni kumwachisha chai ya rangi wakati wa chakula, kwani inazuia madini chuma yasifyonzwe kutoka katika yai na kuku anaowala. Ikiwa daktari ataandika dawa ya madini chuma, ipishane na ile ya kalsiamu kwa takriban saa mbili, kwa kuwa zikikutana tumboni kalsiamu huyazuia madini chuma yasipite. Na dawa hiyo ifungiwe mahali ambapo mtoto hafikii hata akipanda kiti. Vidonge vichache vya madini chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Kuhusu chakula chenyewe, hapa ndipo namhitaji mama mkwe wako. Dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao ni hazina kubwa ya kalsiamu kuliko maziwa kwa kulinganisha uzito kwa uzito; gramu 100 zake hupita miligramu 1,000. Aoshe mchanga wote, akaushe tena, akaange kikavu hadi wavunjike kwa vidole, atwange pamoja na vichwa na mifupa, kisha achekeche kwa chekeche laini. Unga huo ukikaangwa vizuri hupoteza sehemu kubwa ya harufu ile inayomfukuza mwanao mkekani. Hata hivyo nakuonya: usimfichie katika wali. Mtoto mwenye usonji akigundua kwamba chakula anachokiamini kimebadilishwa, anaweza kukikataa kabisa, na mwanao hana chakula cha kupoteza. Anzeni kwa chembe tu, pembeni ya kuku au ndani ya kitafunwa kipya ambacho hakijawahi kuwa chake, na muda wa kuzoea uwe wa wiki nyingi bila kumlazimisha.

Ulezi nao ni nafaka yenye kalsiamu nyingi kuliko mahindi na mchele, kiasi cha miligramu 340 katika gramu 100 za unga, ingawa sehemu yake imefungwa na fitati, kemikali ya asili iliyomo kwenye nafaka. Ukiulowesha na kuuotesha uwe kimea kabla ya kuusaga, kifungo hicho hupungua. Mchicha utaambiwa una kalsiamu, na ni kweli, lakini oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye majani yake, huizuia isiingie mwilini, hivyo usiutegemee kwa jambo hili. Sukuma wiki ni afadhali zaidi. Tui la nazi na maziwa ya soya ya kutengeneza nyumbani yanafanana na maziwa kwa rangi tu. Maziwa ya mbuzi yana kaseini, yaani protini ya maziwa, kama ya ng'ombe, kwa hiyo ikiwa sababu ya kuondoa maziwa ni kaseini, kuhamia kwa mbuzi hakuna maana.

Hilo linanifikisha kwenye jambo ambalo nimelifikiria sana kabla ya kuliandika. Sioni kwamba mwanao ana sababu ya kutosha ya kuishi bila maziwa. Umeniambia hana dalili yoyote ya mzio. Usingizi wake ulitulia wakati uleule alipoanza fenobabitoni, dawa ambayo yenyewe huleta usingizi, na mume wako alilitambua hilo. Jaribio dogo la Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, lililochapishwa mwaka 2016, liliwafuatilia watoto wenye usonji waliokuwa kwenye mlo usio na gluteni, yaani protini ya ngano, wala kaseini, likawarudishia vyakula hivyo bila wazazi wala waangalizi kujua ni siku ipi, na halikuona tofauti katika tabia, usingizi wala choo. Watoto waliolikamilisha walikuwa 14 tu, kwa hiyo sisemi kwamba mjadala umefungwa. Lakini upande wa hasara hauna shaka kiasi hicho: utafiti mwingine wa huko, uliofanyika Cincinnati na kuchapishwa 2008, uliona kwamba wavulana wenye usonji walikuwa na mifupa myembamba kuliko wenzao, na wale wasiotumia maziwa walikuwa na myembamba zaidi.

Wazazi waliokushauri walikushauri kwa upendo, nami siwalaumu. Ninachoomba ni kwamba mlo huu uwe jaribio lenye mwisho. Ukishazungumza na daktari, rudisha mtindi kwanza, kijiko kimoja, kisha viwili, huku dawa ya kifafa ikiwa haijabadilishwa na huku wewe na mume wako mkiandika kila jioni usingizi, choo na hasira zake. Mtu mmoja asiyejua siku uliyoanza, kwa mfano shangazi au mlezi wake, aandike pia kwa upande wake. Mkiona tofauti ya kweli, mtaiona wote. Msipoiona, utakuwa umempata tena mwanao chakula anachokipenda, chenye kalsiamu, protini na nishati anazozihitaji ili mstari wa kadi yake upande, na dawa ya kalsiamu inaweza kupunguzwa kwa kiasi cha maziwa anayokunywa. Ngano ndiyo isikutie haraka. Katika nyumba yenye wali, ugali na ndizi mtoto hapungukiwi sana kwa kukosa chapati, isipokuwa madini chuma na asidi ya foliki ambazo viwanda vikubwa huongeza kwenye unga.

Akipatwa na kiu isiyo ya kawaida, kukojoa sana, kutapika au kulegea katika siku hizi za kuacha vile vya zamani, mpeleke hospitali siku hiyohiyo pamoja na chupa zote, kwa kuwa hizo ni dalili za kalsiamu kuzidi. Vilevile mpeleke bila kungoja akianza kulalamika miguu, vifundo vya mikono vikivimba, au miguu ikipinda, ili apigwe picha ya mfupa wa kifundo. Yasipotokea hayo, nenda katika wiki hii kwa afisa lishe wa manispaa yako, ukiwa na kadi ya kliniki, orodha ya kila alichokula kwa siku tatu, na chupa zenyewe mkononi. Huduma ya ushauri wake ni haki yako, naye ataweza kupima urefu wa mtoto na kukuandikia barua ya kumwona daktari wa watoto mapema.

Mshauri wako wa Lishe